Kumpeleka Paka Hospitali ya Rufaa kwa Upasuaji: Mwongozo Kamili, Kuanzia Barua ya Daktari hadi Kutolewa Nyuzi

Napata ujumbe wa aina moja mara kwa mara. Mtu amefunga safari na paka wake kutoka Dar hadi Morogoro, amefika, halafu amerudi nyumbani bila upasuaji kufanyika. Ukimhoji kidogo, sababu ni zile zile. Paka alipewa maziwa alfajiri "asisafiri na njaa". Hakuna karatasi hata moja kutoka kwa daktari wa kwanza. Au paka alichoropoka kwenye boksi pale stendi ya Mbezi akatokomea chini ya mabasi.

Yote hayo yanatokea kabla mganga hajashika kisu, na yote yako mikononi mwako wewe mwenye paka.

Safari ninayoitumia kama mfano ni ya kutoka Dar es Salaam kwenda hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kwa sababu ndiyo niliyoifanya. Aliye Nairobi na anakwenda kliniki ya chuo kikuu kule Kabete, au aliye Kampala na anakwenda Makerere, atabadilisha barabara tu. Paka ni yule yule.

## Vitu vya kuandaa kwanza

- Kizimba cha plastiki chenye mlango unaofungika. Kikikosekana, chukua makapu mawili ya plastiki ya nguo chafu, yale yenye matundu, yafunike mdomo kwa mdomo, uyakaze kwa vifungo vya plastiki pande zote nne. Beba mkasi wa kuvikatia. Tenga la kuku linafaa kwa dharura. Boksi la karatasi halifai: paka akikojoa tu, kitako kinaachia.
- Kanga au taulo tatu. Moja ya kulalia, moja ya kufunika kizimba, moja ya akiba.
- Barua ya rufaa, majibu ya vipimo, na picha za eksirei kama zipo.
- Kadi ya chanjo, hasa ya kichaa cha mbwa.
- Karatasi yenye maelezo ya ugonjwa (nitaeleza namna ya kuiandika).
- Chakula alichozoea, kidogo, cha kula baada ya upasuaji. Paka aliyelelewa kwa dagaa na ugali hataanza kula chakula cha kopo siku anayoumwa.
- Gazeti kuukuu, mifuko ya plastiki, maji ya kunywa, tishu.
- Pesa ya makadirio, pamoja na akiba.
- Mtu wa pili. Huyu si wa hiari kama unaendesha gari mwenyewe.

## Hatua ya 1: Jua kama paka anaweza kuingoja safari

Kosa baya kuliko yote ni kumsafirisha kilomita 190 na ushei paka ambaye alihitaji kusaidiwa mtaani kwako kwanza.

Paka dume asiyekojoa. Anaingia chooni kila dakika chache, anakunja mgongo, analia, hakitoki kitu au linatoka tone. Wengi hudhani amefunga choo, wakamnywesha mafuta ya kula. Mara nyingi njia ya mkojo imeziba. Mkojo usipotoka, potasiamu hupanda kwenye damu na moyo husimama. Anaweza kufa ndani ya siku moja hadi tatu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo aliye karibu leo hii, hata usiku, azibuliwe kwa mpira wa mkojo na awekewe dripu. Rufaa ya upasuaji inafuata akishatulia.

Paka anayehema kwa mdomo wazi. Mbwa akihema hivyo anapoza mwili. Paka akihema hivyo ametulia nyumbani, yuko hatarini. Ikiwa amegongwa na bodaboda au ameanguka ghorofani, huenda kiwambo, ule msuli unaotenganisha kifua na tumbo, kimechanika na matumbo yamepanda kifuani. Usimkandamize tumbo, usimlaze chali, usimbebe akining'inia. Oksijeni kwanza, safari baadaye.

Uzi unaoning'inia mdomoni au kwenye haja kubwa. Usiuvute. Usiukate. Uzi wa cherehani ukinasa chini ya ulimi huku ncha nyingine iko tumboni, ukivuta unaukatisha utumbo kama waya unavyokata sabuni. Paka wangu wa kwanza kufanyiwa upasuaji alimeza uzi na sindano yake kwa jirani fundi cherehani, na jirani, kwa nia njema kabisa, alikuwa ameshaanza kuuvuta nilipofika.

Mguu uliovunjika. Usiufunge vijiti. Mlaze kwenye kizimba chenye taulo nene, asitembee.

Hali nyingine nyingi, kama uvimbe unaokua polepole, jicho la kuondolewa au mfupa uliokwisha kutulizwa, zinangoja miadi.

Unaruhusiwa kuendelea na hatua ya 2 ikiwa daktari wa karibu amemwona na amesema kwa maneno yake kwamba anaweza kusafiri.

## Hatua ya 2: Barua ya rufaa, na simu kabla ya safari

Mwombe daktari wa kwanza aandike mambo haya: uzito kwa kilo, tatizo, tarehe lilipoanza, dawa zote alizopewa pamoja na kipimo na saa, na majibu ya damu kama alipima. Dawa ni sehemu ambayo watu huidharau. Paka aliyechomwa dawa fulani ya kupunguza maumivu jana hawezi kuchomwa nyingine ya kundi hilo hilo leo, figo zitaumia. Mpasuaji asiyejua atalazimika kukisia au kuahirisha.

Kisha piga simu hospitali. Uliza kama mpasuaji wa wanyama wadogo yupo siku hiyo, kama kuna nusukaputi ya gesi, kama wanalaza paka, na nani hukaa nao usiku. Hospitali za vyuo zina ratiba za masomo na likizo. Mtu aliyefika bila kupiga simu akakuta mpasuaji yuko semina amelipia nauli ya kwenda kuangalia milima ya Uluguru.

Huna mzani wa paka? Panda kwenye mzani wa watu ukiwa umembeba, kisha panda peke yako, toa. Unauhitaji uzito huo kwenye simu, kwa kuwa dawa zote za paka hupigiwa hesabu kwa kilo.

## Hatua ya 3: Zungumza pesa, na lile swali gumu, ukiwa bado nyumbani

Omba makadirio yaliyochambuliwa: uchunguzi, vipimo vya damu, picha, nusukaputi, upasuaji wenyewe, kulazwa kwa siku, dawa za kwenda nazo. Bei ya jumla moja haikusaidii, maana kinachopanda siku zote ni kulazwa. Mimi huweka akiba ya theluthi moja juu ya makadirio, na mara mbili kati ya tatu nimeila.

Ndugu watasema, "Pesa zote hizo kwa paka?" Usibishane nao. Kaa na yule mnayechangia naye bajeti ya nyumba mkubaliane kiwango cha mwisho.

Halafu jibuni hili: akifunguliwa tumbo ikaonekana ni saratani iliyokwisha sambaa, mnataka afungwe na kuamshwa, au alazwe moja kwa moja bila kuamka? Daktari atalazimika kupiga simu paka akiwa mezani. Dakika za nusukaputi zinahesabika, na wewe uko mgahawani unalia huku mtandao unakatika. Andika jibu kwenye fomu ya ridhaa, na acha namba mbili za simu.

## Hatua ya 4: Mzoeshe kizimba siku tano kabla

Ikiwa si dharura, toa kizimba stoo leo. Kiweke wazi pale anapopenda kulala, tandika kanga uliyoivaa, mlishe humo ndani. Paka anayeona kizimba siku ya safari tu anakijua kama mtego, na utampakia kwa mikwaruzo.

Hofu ina gharama ya kitabibu. Paka aliyejaa hofu hupandisha mapigo ya moyo na sukari ya damu, huhitaji dawa nyingi zaidi kulala, na vipimo vyake vinapotosha. Kama wako ni mkali, mweleze daktari mapema. Ipo dawa ya kutuliza anayoweza kukuandikia umpe saa mbili au tatu kabla ya safari. Usimpe vidonge vya usingizi vya binadamu.

Umefaulu ukimkuta amelala humo mwenyewe mchana, mlango wazi.

## Kabla ya kuendelea: vitu vinavyoua paka kwa nia njema

Panadol. Ini la paka haliwezi kuivunja parasetamoli inavyotakiwa, na kidonge kimoja cha miligramu 500 kinatosha kumuua paka mzima. Fizi hugeuka kahawia, uso na nyayo huvimba, pumzi hukata. Diklofenaki na ibuprofeni nazo usimpe.

Dettol kwenye kidonda: atailamba, na dawa za jamii hiyo ni sumu kwake. Safisha kwa maji safi yenye chumvi kidogo. Mafuta ya taa ya kuua viroboto, na dawa ya kupe ya mbwa yenye permethrini, nazo zimeshapeleka paka wengi kaburini.

Kama umeshampa kimojawapo, au dawa ya kienyeji yoyote, sema, na utaje saa. Sumu ya Panadol ina dawa yake, lakini inafanya kazi ikiwahi. Daktari hana muda wa kukugombeza.

## Hatua ya 5: Usiku wa kuamkia upasuaji

Hapa ndipo wengi wanapoanguka, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Chini ya nusukaputi, paka hupoteza uwezo wa kumeza na kukohoa. Kilichopo tumboni kikipanda kooni, kinateremka mapafuni. Hata akiamka, anaweza kufa kwa nimonia siku chache baadaye. Ndiyo maana ananyimwa chakula.

Kwa paka mzima mwenye afya, hospitali nyingi husema asile kwa saa sita hadi nane kabla. Nyingine siku hizi hupunguza. Fuata saa uliyopewa na hospitali yako. Maziwa ni chakula. Mchuzi ni chakula. Maji mwachie hadi mnapoondoka, isipokuwa umeambiwa vinginevyo.

Mtoto wa paka ni habari nyingine. Sukari yake ya damu hushuka haraka. Usimlaze na njaa usiku kucha kwa sababu paka mkubwa wa jirani alifanyiwa hivyo. Uliza saa kamili za umri na uzito wake. Mara nyingi ni saa moja au mbili tu. Paka mwenye kisukari naye anataka maelekezo yake peke yake.

Sasa mtego wenyewe: wewe umefunga chakula, lakini paka anatoka dirishani saa nane usiku, anakula vichwa vya samaki kwa mama lishe, anamalizia na mjusi. Asubuhi unaapa hajala. Mfungie chumbani kuanzia jioni na sanduku la choo na maji. Waambie watoto, waambie dada wa kazi, bandika karatasi mlangoni.

Na akila kwa bahati mbaya, usifiche. Upasuaji utasogezwa saa kadhaa, basi.

Onyo la upande wa pili: usimfungishe siku mbili "ili awe safi". Paka asiyekula siku mbili tatu, hasa mnene, mafuta hujazana kwenye ini na kumletea ugonjwa mpya. Kama ameacha kula mwenyewe kwa muda huo, hilo ni la kumwambia daktari leo.

## Hatua ya 6: Barabarani

Ondokeni saa kumi au kumi na moja alfajiri. Ukichelewa, foleni ya Kibaha na jua la Chalinze vitakukuta njiani, na paka hatoi jasho la kumpoza kama wewe.

Kwa gari binafsi: kizimba kiwe sakafuni nyuma ya kiti cha mbele, au kwenye kiti kikiwa kimefungwa mkanda. Kifunike kanga upande mmoja, upande mwingine upite hewa. Usimwache kwenye gari lililozimwa juani hata dakika tano za kununua maji.

Kwa basi: nenda stendi ya Magufuli, ile ya Mbezi, siku moja kabla, ongea na kondakta, lipia kiti cha pili. Siku ya safari atakuambia, "Weka kwenye buti tu dada, si ni paka?" Kataa. Kule hakuna hewa ya kutosha, kuna joto la injini na magunia yanayoporomoka. Ukishuka Msamvu, stendi ya Morogoro, panda teksi au bajaji. Bodaboda usipande naye.

Atalia. Wengine hulia hadi Mlandizi, wengine hadi mwisho wa safari. Akijisaidia, badilisha taulo gari likiwa limesimama, madirisha yamefungwa, na mtu wa pili akiwa ameshika shingo na mabega. Zaidi ya hapo mlango wa kizimba haufunguliwi kwa sababu yoyote, hata kwa huruma.

Akikung'ata, osha kidonda kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha nenda hospitali ya watu uonyeshe. Kadi yake ya chanjo ya kichaa cha mbwa itakusaidia wewe pia.

Safari imekwenda vizuri kama anafika amejikunyata, macho wazi, anapumua kwa pua. Akihema kwa mdomo, usinyamaze hata kama mmeshafika. Ruka foleni uende moja kwa moja mapokezi.

## Hatua ya 7: Mapokezi

Weka kizimba juu ya kiti, kamwe si sakafuni, na ukigeuze kisitazamane na mbwa. Acha kanga juu yake.

Toa ile karatasi. Iwe fupi: jina na umri, amehasiwa au la, ugonjwa ulianza lini na umebadilikaje, alikula lini mara ya mwisho na nini, alikojoa lini, dawa na saa, mzio au kifafa. Nimeona watu wakisimulia dakika ishirini tangu paka alipookotwa gengeni, daktari akitafuta sehemu ya kukatisha kwa adabu.

Watampima uzito na joto (la kawaida ni takriban 38 hadi 39.2), watasikiliza moyo, watachukua damu kuangalia wingi wake, figo na sukari. Wakisema wingi wa damu ni mdogo mno au figo hazijatulia, hivyo anawekewa dripu kwanza na upasuaji ni kesho, usikasirike. Hospitali inayoahirisha kwa sababu ya damu ndiyo unayoitaka.

Kabla ya kusaini fomu ya ridhaa, uliza: atapewa dawa gani ya maumivu, nani atamwangalia nusukaputi wakati mpasuaji anakata, na watakupigia saa ngapi. Katika hospitali ya chuo, wanafunzi watakuwepo. Sijawahi kuona hilo kuwa tatizo. Wao ndio waliokesha na paka wangu.

## Hatua ya 8: Akiwa ndani

Kula. Lala. Usipige simu kila nusu saa. Kuandaa na kuamsha huchukua muda mrefu kuliko kukata, kwa hiyo kimya cha saa tatu hakina maana ya ubaya.

## Hatua ya 9: Kumchukua na siku za kwanza nyumbani

Usiondoke kabla hujaonyeshwa mshono kwa macho na kuupiga picha. Hiyo ndiyo picha ya kulinganishia. Omba maandishi ya dawa: jina, kiasi, mara ngapi, siku ngapi, na kabla au baada ya kula. Omba pia kola ya koni. Kama hawana, fulana ya mtoto mchanga iliyotobolewa nafasi ya mkia hufaa kwa mshono wa tumbo.

Nyumbani, chumba kimoja kidogo, bila kabati la kupanda. Toa mchanga kwenye sanduku la choo, weka gazeti lililochanwachanwa. Mchanga hunata kwenye mshono. Chakula kidogo kidogo. Weka chandarua juu ya kitanda chake, kwa kuwa nzi hutaga kwenye kidonda na sisimizi hufuata damu, lakini usipulize dawa ya wadudu chumbani.

Paka wengine wa nyumbani wanaweza kumfokea, wakidhani mgeni. Ananuka hospitali. Watenge siku mbili tatu, badilishaneni kanga za kulalia.

Kila siku piga picha ya mshono, mwanga ule ule. Wekundu kidogo na uvimbe mwembamba siku mbili za kwanza ni kawaida. Hesabu pumzi akiwa usingizini kwa sekunde 30, zidisha mara mbili. Chini ya 30 ni salama.

Piga simu hospitali siku hiyo hiyo ukiona:

- hajala kabisa saa 24 baada ya kurudi;
- hajakojoa siku nzima, na kwa dume usingoje zaidi ya nusu siku;
- fizi nyeupe au za manjano;
- pumzi zaidi ya 40 akiwa amelala;
- mshono unatoa usaha, harufu, au umeachia.

## Hatua ya 10: Kutoa nyuzi

Kwa kawaida ni siku ya 10 hadi 14. Kama ni nyuzi zinazoyeyuka, uliza ikiwa bado wanataka kumwona. Kwa nyuzi za kawaida si lazima urudi Morogoro. Daktari wako wa kwanza anaweza kuzitoa, na mpe nakala ya taarifa ya upasuaji ili faili lake likamilike. Usitoe mwenyewe kwa wembe. Ngozi ya nje hufunga kabla ya misuli ya ndani, na paka anayeonekana amepona ndiye anayeruka juu ya friji siku ya nane na kufumua kila kitu.

Kola inavuliwa siku moja baada ya nyuzi kutoka, si siku hiyo hiyo. Atalamba pale kwa saa nzima. Mwangalie, na kama ngozi haijawa nyekundu kufikia jioni, fungua mlango wa chumba.